Maua Yaotayo Katika Magofu ya Wamaya

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu tumepata kuona picha ya magofu ya Wamaya: hekalu la mawe linachomoza juu ya mwitu mzito, na majani yametambaa karibu mpaka kileleni. Aghalabu picha hiyo huambatana na maneno mawili. La kwanza ni kwamba Wamaya ni taifa lililopotea duniani. La pili ni kwamba mwitu uliumeza mji wao. Nataka kueleza kwa nini maneno yote mawili hayatoshi, na mashahidi wangu watakuwa maua na miti iotayo katika magofu yenyewe. Mimi sijafika huko, wala sitarajii kufika karibuni, maana nauli yake si mchezo. Haya niyaandikayo nimeyapata vitabuni, na kwa kumwuliza mwalimu wetu wa Biolojia maswali mengi, hata siku nyingine akiniona kwa mbali hubadili njia.

Nchi ya Wamaya si nchi moja. Imeenea kusini-mashariki mwa Meksiko, yaani Chiapas na rasi ya Yucatán, kisha karibu Guatemala yote, na Belize, na sehemu za magharibi za Honduras na El Salvador. Enzi yao kuu ilikuwa tangu mwaka 250 hivi baada ya Kristo mpaka kama mwaka 900. Katika miaka hiyo walijenga miji mikubwa kwa mawe ya chokaa, bila vyombo vya chuma na bila punda wala ng'ombe wa kuvuta mizigo. Hekalu la Nne la mji wa Tikal, lililojengwa karibu na mwaka 741, lina kimo cha meta 65 hivi. Piramidi kubwa ya Chichén Itzá ina ngazi pande zote nne, kila ngazi vidaraja 91, na ukiongeza jukwaa la juu wapata 365, hesabu ya siku za mwaka. Nimeifanya hesabu hiyo ubaoni nayo ni sawa.

Katika karne ya tisa miji ya kusini ilianza kuachwa mmoja baada ya mwingine. Sababu hazikuwa moja: palikuwa na ukame uliorudi mara kwa mara kwa miaka mingi, palikuwa na vita baina ya wafalme, na watu walikuwa wengi kuliko chakula. Lakini kuuacha mji siyo kupotea. Watu walihama, wakajenga kwingine, na ufalme wa mwisho wa Wamaya, uliokuwa kisiwani katika ziwa la Petén Itzá, haukutekwa na Wahispania mpaka mwaka 1697. Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6 katika nchi hiyo peke yake, na lugha zao zisemwazo hata leo zapata thelathini. Basi neno la kwanza tuliweke kando.

Sasa tuje kwenye neno la pili, la mwitu kuumeza mji. Ni kweli kwamba mimea ilipanda kuta, na njia yake yafaa kuelezwa. Jiwe la chokaa huyeyuka kidogo kidogo kwa maji ya mvua, kwa kuwa maji hayo yana asidi hafifu. Nyufa zikianza, vumbi na majani makavu hukaa humo, na ukoga ukifa huwa udongo wa kwanza. Nyasi na vimaua vidogo hufuata. Halafu ndege au popo huja na tumbo lililojaa matunda ya mti wa jamii ya mkuyu, akaangusha mbegu juu ya paa la hekalu. Mbegu hiyo haihitaji udongo mwingi. Hutoa mizizi mirefu ishukayo ukutani kama kamba mpaka ifike ardhini, na ikisha kufika huanza kunenepa. Mzizi ulioingia ufani ukiwa mwembamba kama uzi, baada ya miaka mingi huwa mnene kama paja la mtu, na jiwe halina budi kusogea. Aliyepata kutembea katika magofu ya Gedi, huko Kenya, ambayo nayo yalijengwa kwa mawe na chokaa, ameliona jambo hili kwa macho yake.

Ndivyo walivyoikuta Copán, katika Honduras, Mmarekani John Lloyd Stephens na mchoraji Mwingereza Frederick Catherwood mwaka 1839. Sanamu za wafalme zilikuwa zimesimama gizani chini ya miti, na ilibidi watu wakate matawi ili mwanga umfikie mchoraji. Stephens aliupenda mji ule mpaka akaununua kwa dola 50. (Mwenye shamba alifikiri mnunuzi ana wazimu.)

Ila mwitu si kifuniko tu. Mara nyingine umekuwa mwongozo. Mwaka 1931 mtaalamu wa mimea aitwaye Cyrus Lundell alikuwa akifanya kazi katika misitu ya kusini mwa Meksiko kwa ajili ya kampuni ya utomvu wa kutengenezea ubani wa kutafuna, ule ambao watoto hupuliza mapovu. Akiwa angani katika ndege aliona vilima viwili virefu mno vimefunikwa na miti, navyo havikuwa vilima. Ulikuwa mji wa Calakmul, adui mkubwa wa Tikal. Mti utoao utomvu huo, Wamaya waliutumia pia kwa mbao. Vizingiti vya milango ya mahekalu ya Tikal vilichongwa kwa mti huo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, na vingine havijaoza.

Mgeni aingiaye Tikal leo hukutana kwanza na msufi. Uko kando ya njia, shina lake limenyooka kama mlingoti, na matawi yake ya juu yamejaa mimea mingine iliyojishikiza. Sisi tunaolala bwenini twaujua msufi kwa sababu ya mito na magodoro, lakini kwa Wamaya ni mti mkuu kuliko yote. Walisema kwamba umesimama katikati ya dunia, mizizi yake iko kuzimu na matawi yake yashikilia mbingu. Msufi mchanga una miiba minene shinani, na wafinyanzi wa Wamaya waliiga miiba hiyo kwenye vyetezo vyao vya udongo. Maua yake hufunguka usiku, na wachavushaji wake ni popo. Mwaka 1955 Guatemala iliuchagua msufi kuwa mti wa taifa, na mwaka huohuo Tikal ikafanywa hifadhi.

Juu ya matawi ya msufi huo na ya miti mingine ndipo huota okidi. Watu wengi huzidhania kuwa kupe wa miti. Si hivyo. Okidi hukaa juu ya tawi kama mgeni akaaye barazani: hupata nafasi na mwanga, lakini haili chakula cha mwenyeji. Mizizi yake hunywa umande na mvua, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi hata upepo huzibeba. Belize imechagua okidi nyeusi kuwa ua la taifa, nayo Guatemala ilichagua okidi nyeupe mwaka 1934. Siyajui mataifa mengi yaliyochagua ua lisilotaka udongo.

Ua nilipendalo zaidi, na ambalo ndilo lililonitia hamu ya kuandika, wao huliita nikte'. Kwa Kiswahili ni ua la msanapichi: mti mfupi wenye matawi manene kama vidole vilivyovimba, utoao maziwa ukikatwa, na maua yenye petali tano yanayonukia sana jioni. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba ni mti wa pwani yetu tangu kuumbwa, maana umo katika bustani nyingi. Kumbe kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huko huota wenyewe mahali penye mawe na ukavu, ambapo miti mingine hushindwa. Wakati wa kiangazi huangusha majani yote, kisha huchanua ukiwa uchi. Harufu yake ina hila ndani yake: humwita nondo mkubwa wa usiku, naye huruka ua kwa ua akitafuta asali, lakini asali hamna hata tone. Nondo huondoka na njaa yake, na chavua imekwisha kubebwa bure.

Kwa Wamaya wa Yucatán neno nikte' laweza kuwa jina la mti huo na laweza pia kuwa maana ya ua lolote, nalo hutajwa katika mambo ya mapenzi na ndoa. Walakandoni, ambao ni Wamaya wa msitu wa Chiapas, husimulia kwamba miungu yao mikubwa ilizaliwa ndani ya ua, na jina la ua hilo limetokana na neno lilelile nikte'. Walakandoni hao walikuwa wakienda katika magofu ya Yaxchilán kufukiza ubani na kuomba, wakati ambapo wageni walikuwa wakiandika kwamba miji ile imeachwa na watu wote.

Katika Yucatán kuna mtambaa mwingine unaostahili kutajwa, uitwao xtabentún (herufi x husomwa sh). Ni jamaa wa kiazi kitamu, maua yake meupe kama tarumbeta ndogo, na mwishoni mwa mwaka hufunika vichaka na kuta za mawe mpaka mtu aone kama nguo zimeanikwa. Jina lake hufasiriwa kuwa kamba iotayo juu ya mawe. Nyuki hulipenda, hasa nyuki wadogo wasiouma, ambao Wamaya huwafuga katika magogo yaliyochimbwa ndani. Tangu zamani za wafalme wamekuwa wakiwafuga, na mpaka leo wako wazee na akina mama wanaoendelea na kazi hiyo.

Sasa nataka kusema juu ya yungiyungi, kwa kuwa hapa ndipo ua linapokuwa elimu kabisa. Tikal haina mto. Wenyeji walitega mvua: viwanja vya mji vilipigwa lipu na kuinamishwa kidogo ili maji yateremke mpaka malamboni. Katika maji yaliyotulia ya nchi ile huota yungiyungi jeupe, nalo halistawi katika maji machafu. Wafalme walivaa sura ya ua hilo vichwani mwao, na wachongaji walilichora pamoja na samaki anayelidonoa. Naona maana yake ni wazi: mfalme awezaye kuwapa watu maji safi ndiye mfalme. Lakini mwaka 2020 wachunguzi waliopima tope la malambo ya Tikal walitoa habari ya kusikitisha. Malambo yaliyokuwa karibu na jumba la mfalme yalikuwa yamechafuka kwa zebaki, iliyotoka katika rangi nyekundu ya kupakia majengo na makaburi, na kwa vijidudu vya kijani viletavyo sumu. Lambo jingine, mbali kidogo na jumba, lilikuwa na chujio la mchanga na madini maalumu yaliyoletwa kutoka nje ya mji. Basi yungiyungi lilikuwa kichwani mwa mfalme, na maji ya karibu naye yalikuwa hayafai.

Kutoka katika tope hilohilo wachunguzi walitoa pia mabaki ya mimea ya kale, wakayatambua kwa chembe za urithi. Mwaka 2021 walieleza kwamba kando ya malambo ya katikati ya mji palikuwa na miti ya msituni, iliyoachwa isikatwe wakati mji ulipokuwa na watu wengi. Hapa ndipo neno la pili lilipopata pigo. Mwitu haukutoka mbali kuja kuumeza mji. Sehemu yake ilikuwa mjini siku zote, imekaa na watu.

Lakini nisije nikavuka mpaka. Uko mti mmoja uitwao ramón, wenye mbegu za kuliwa, nao huota kwa wingi ajabu juu ya mabaki ya nyumba za Tikal. Katika miaka ya 1960 Dennis Puleston aliuona wingi huo, akasema kwamba lazima Wamaya waliupanda, na kwamba miti ya leo ni wajukuu wa bustani zao. Ni maelezo mazuri, na mimi nilitamani yawe kweli. Mwaka 1982 wachunguzi wengine wawili, Lambert na Arnason, walipinga. Walisema kwamba ramón hupenda udongo wa chokaa wenye mawe mengi, na magofu ni rundo la mawe ya chokaa. Kwa hiyo mti huota pale hata kama hakuna aliyeupanda. Puleston hakuwapo kujibu. Alikwisha kufa mwaka 1978, alipopigwa na radi akiwa juu ya piramidi ya Chichén Itzá. Sisi tusomao twajifunza hapa kwamba mti ulio juu ya gofu ni shahidi, lakini shahidi naye sharti aulizwe maswali.

Shahidi asiye na shaka yuko Palenque. Mwaka 1952 Alberto Ruz Lhuillier, baada ya kuondoa kifusi ngazini kwa miaka mitatu, alifika katika kaburi la mfalme Pakal, aliyetawala tangu 615 mpaka 683. Ubavuni mwa jeneza la jiwe wamechongwa wazee wa mfalme, nao hawakulala kama maiti. Wanachipuka kutoka ardhini, na nyuma ya kila mmoja umesimama mti wa matunda: mkakao, mparachichi, mpera na mingineyo. Kwa watu hao mababu walikuwa shamba la miti. Mtu akijua hivyo, hawezi tena kuuona mti uliosimama juu ya gofu kuwa ni magugu tu.

Je, mimea hii ikatwe au iachwe? Swali hili laleta ubishi mkubwa, na pande zote zina haki. Wasemao ikatwe huonyesha kuta zilizopasuliwa na mizizi. Wasemao iachwe huonyesha kwamba gofu likivuliwa kivuli ghafula hupigwa na jua la mchana na mvua ya mawimbi, jiwe hupanuka na kusinyaa, lipu hubanduka, na michoro iliyodumu miaka elfu hufutika mbele ya macho yetu. Pale Copán ngazi yenye maandishi zaidi ya 2,000 imebidi ifunikwe kwa turubai, yaani wamefanya kwa kitambaa kazi iliyokuwa ikifanywa na majani. Katika El Pilar, mpakani mwa Belize na Guatemala, Bibi Anabel Ford ameshikilia njia nyingine: huondoa ile miti ihatarishayo kuta, huacha mingine itoe kivuli, na hushauriana na wakulima wenyeji wajuao jina na tabia ya kila mmea. Mgeni huko haoni hekalu zima kwa mara moja. Huona pembe hapa, ngazi pale, na kijani katikati. Baadhi ya wageni hulalamika kwamba wamelipa kiingilio wakaonyeshwa vichaka. Mimi naona njia ya Bibi huyo ni bora, kwa sababu ukuta uliojengwa upya hauna la kutuambia zaidi ya maoni ya aliyeujenga, lakini ukuta uliotunzwa chini ya kivuli bado waweza kuchunguzwa na watoto wetu wenye vyombo vizuri kuliko vyetu. Mwaka 2018 wachunguzi waliopima misitu ya kaskazini mwa Guatemala kwa miale kutoka katika ndege waliona majengo zaidi ya 60,000 chini ya miti, bila kuukata hata mmoja.

Imebaki mimea iliyovuka bahari na kufika kwetu. Mahindi kwao asili ni Meksiko, na Wamaya wa nyanda za juu husimulia kwamba binadamu wa kwanza walifinyangwa kwa unga wake. Mpapai ni wa huko, na vanila pia, ambayo ni okidi. Lakini mmoja uliokuja kwa safari ya ajabu kuliko yote ni mkonge. Asili yake ni nchi ya Yucatán. Ulipelekwa Florida, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka huko. Vilivyofika Tanganyika vikiwa hai vilikuwa 62, na kutoka kwa hivyo yakatokea mashamba yote ya Tanga na Morogoro. Dunia huuita mkonge kwa jina la Sisal, bandari ndogo ya Yucatán ambako nyuzi zilikuwa zikipakiwa melini. Wamaya wenyewe hawautumii jina la bandari. Mkonge na ndugu zake huwaita ki, na kwa nyuzi zake wamesuka kamba tangu kale, na pia husuka vitanda vya kuning'inia.